Matimba ya Jilala

Mkaratusi uliokatwa asubuhi haunuki sawa na mkaratusi uliokatwa jana. Wa asubuhi unawasha pua, unakaribiana na ile dawa ya kujipaka kifuani mtu akishikwa na mafua. Wa jana umeshatulia, umebaki na utamu wa mbali. Nikiwa na miaka kumi na miwili ungeweza kunifumba macho nikakuambia gogo limelala uani siku ngapi. Nyumba yetu mwaka ule ilikuwa na harufu mbili, nje mkaratusi na ndani pamba. Pamba ilijaa chumba cha mbele hadi usawa wa dirisha, nasi wa kike tukawa tunalala juu yake na kuamka na nyuzi nyeupe kichwani, tumezeeka wote kwa pamoja. Kijiji chetu kiko upande wa Bulyanhulu, na kama kaya nyingi za huko tulisimama kwa miguu miwili, mmoja shambani na mwingine kwenye dhahabu. Mama alishika shamba. Baba, ambaye kijiji kizima kilimwita Baba Jilala kwa jina la kaka yangu, alikuwa fundi matimba.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, nieleze. Duara la wachimbaji wadogo ni shimo linaloshuka wima, pima ishirini na kuendelea, na udongo wa juu ukiachwa peke yake hurudi ulikotoka, haijalishi nani yuko chini. Kwa hiyo shimo huvishwa fremu za magogo kuanzia juu hadi kwenye mwamba. Fremu moja ni magogo manne yaliyokatwa midomo kwenye ncha ili yaumane yenyewe bila msumari. Mdomo uliokatwa sawasawa, udongo ukisukuma ndipo unapozidi kuuma. Uliokatwa ovyo huteleza, na ukiteleza mmoja zinafuata zote. Hayo ndiyo matimba. Baba alikaa machimboni Jumatatu hadi Jumamosi akiyapanga, na kwa sababu miti ya kufaa ilikuwa kwetu, fremu nyingi zilichongwa uani kwetu na kupelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Machimboni wanawake walikuwa wengi, walipika, waliponda mawe, waliosha mchanga kwenye makarai hadi vidole vikanyauka. Ila kwenye duara lenyewe hawakufika. Hatua hamsini hivi kutoka kwenye shimo lilikuwa limelazwa gogo, na hapo mama ntilie alitua sufuria yake, wanaume wakaja kukichukua chakula. Mwanamke akivuka, ilisemwa, dhahabu inahama. Hata magogo ya matimba yalikuwa na mwiko wake, mwanamke asiyaruke wala asiyakalie, kwa maana nuksi yake itashuka nayo chini. Hakuna aliyekaa akatufundisha mambo hayo. Tuliyajua kama tulivyojua kutokutaja nyoka baada ya jua kuzama.

Mchezo ulianzia kwenye pamba. Pamba haiuzwi ilivyotoka shambani. Lazima ichambuliwe, safi kwenye gunia hili na fifi kwenye lile, na ni kazi ya kukaa chini siku nzima kidole kikitafuta madoa. Shangazi Holo, dada yake Baba, alikuja kutoka Shinyanga mjini kutusaidia, na alikuwa mtu asiyeweza kuuacha ukimya upite hivi hivi. Siku moja akasema, "Haya, kila mmoja aseme. Mungu angekuumba upande wa pili, leo ungekuwa nani?" Akaanza yeye. Angekuwa dereva wa lori la pamba, na kila kituo angekuwa na mchumba, halafu angewachanganya majina. Mama akafikiri kidogo, akasema yeye angekuwa mtu wa kukaa. Shangazi akauliza kama hiyo nayo ni kazi. Mama akajibu, bila kuinua macho kwenye pamba, "Naiona ikifanywa kila Jumapili hapa nyumbani." Tulicheka hadi fifi ikaingia kwenye gunia la safi.

Zamu yangu ilipofika nilijibu kabla sijaulizwa vizuri, fundi matimba. Hakuna aliyeshangaa wala kulitilia maanani. Ni maneno ya mchezo, na mchezo haulipiwi kodi. Kisha akabaki Jilala. Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa la saba, mrefu kuliko mlango, na alifikiri kwa muda mrefu mpaka Shangazi akamrushia bonge la pamba. "Mkunga," akasema. Kicheko cha mara hiyo kilikuwa kingine, kile chenye makali pembeni. Jilala akajitetea kwamba mbuzi wote waliozaa kwa shida kaya yetu aliwazalisha yeye, amewageuza wana wawili tumboni kwa mkono uliopakwa samli, na hajapoteza hata mmoja. Shangazi alifuta machozi ya kucheka akamwambia mbuzi haoni haya, mwanamke anaona. Mama peke yake hakucheka. Alisema tu kwamba mtoto huyu mikono yake haitetemeki, na akatuhimiza tuendelee na kazi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wawili tulikuja kubadilishana vitanda bila kupanga. Wiki ile ile Baba alimwachia Jilala magogo manane na kipimo chake, akamwambia Jumamosi ayakute yamekatwa midomo. Ile mikono isiyotetemeka kwa mbuzi haikuelewana kabisa na tezo. Gogo la kwanza alilikata mdomo ukakaa kama meno ya mzee. La pili nililikata mimi, kumwonyesha tu, maana nilikuwa nimemtazama Baba tangu naanza kutembea. La tatu sikumrudishia tezo, na lile la kwanza nikalikata upya. Yeye akachukua ndoo yangu akaenda kisimani, akarudi akatwanga mtama, akamwosha mdogo wetu, na mchana akapika mlenda ambao, niseme ukweli, ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mimi nilifanyia kazi nyuma ya kihenge, asinione mpita njia. Yeye alitwangia ndani, kwa sababu ile ile. Mama alijua tangu siku ya kwanza. Shangazi, aliyeshinda kwenye pamba, alidhani namshikia kaka magogo tu. Alichoniomba ni kwamba nisiyakalie magogo. Nikasema sawa, na nikaendelea kuyakalia, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kulituliza gogo ukiwa na miaka kumi na miwili na kilo zisizofika arobaini.

Jumamosi Baba alipitisha kidole gumba ndani ya kila mdomo, taratibu. Mwisho akasema, "Ehe." Baba yangu hakuwa mtu wa maneno, na ehe yake moja ilikuwa hotuba. Akamshika Jilala bega, akamwambia Mama kwamba damu haipotei. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Yangu ilivikwa chanda cha kaka. Niliumia, sitaficha, lakini nilifurahi pia, na furaha ndiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu kidole kile kilikuwa kimeingia kwenye mdomo nilioukata mimi na hakikupata kosa. Wiki iliyofuata akaleta magogo kumi na mawili. Tuliendelea hivyo msimu mzima, pamba ikauzwa, Shangazi akarudi Shinyanga, fremu zangu zikaenda na mkokoteni.

Jilala alifanya mtihani wa darasa la saba, na jioni ya siku aliyoumaliza Baba alisema mbele ya ugali na dagaa, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba Jumatatu watashuka pamoja. "Fundi hajifunzii juu," akasema. Niliona tonge la Jilala limesimama njiani. Kaka yangu hakuweza kukaa mahali palipofungwa. Tangu akiwa mdogo alilala kizingitini, mlango wazi, miguu nje, na watu walimsifu kwamba analinda mbuzi. Mimi ndiye niliyejua, kwa sababu mara moja tulipokuwa tunacheza nilimfungia ndani ya kihenge kwa utani, na nilipofungua nilimkuta hawezi kuongea. Sasa alikuwa anapelekwa kwenye shimo lenye upana wa mikono miwili, na aliyempeleka ni mimi. Kila mdomo mzuri niliokata ulimvuta chini hatua moja.

Alishuka. Jumamosi ya kwanza alirudi akasema kumeenda vizuri, na hakula. Ya pili alipita moja kwa moja zizini kwa mbuzi. Ya tatu nilimfuata malishoni, nikamkuta ameegemea mbuzi jike mwenye mimba, mkono ubavuni mwake. "Nikishuka nahesabu fremu zako," akaniambia. "Nikifika ya kumi na saba pumzi inakata. Baba anadhani ni vumbi." Kisha akasema lile alilorudi nalo kutoka shimoni. "Minza, chonga moja vibaya. Moja tu. Aone siwezi, aniache." Nilirudi nyumbani nikachagua gogo, nikainua tezo kuikata ile kazi kombo. Sikuweza. Si kwamba nilikuwa mtoto mwema. Ni kwamba gogo lile lingekaa juu ya kichwa cha mtu, na mtu wa kwanza kupita chini yake angekuwa yeye aliyeniomba. Nikaukata mdomo ule vizuri kuliko yote, nikilia kwa hasira.

Na kulikuwa na hofu ya pili ambayo sikumwambia yeyote. Nilianza kuuamini mwiko. Wakati nachonga kwa furaha sikuufikiria, lakini kaka yangu alipokuwa chini, magogo yote niliyoyakalia yalinirudia moja moja. Kama ni kweli nuksi inashuka na mti, basi nilikuwa nimeishusha yote, fremu kwa fremu, na kumzungushia.

Mvua ya kwanza ilikuja kwa vishindo, siku mbili bila kupumua. Siku ya pili mwendesha baiskeli alipita akisema duara limetitia machimboni. La nani, hakujua. Mama alimfunga mtoto mgongoni, tukakimbia kwenye tope mpaka kwenye lile gogo la mpaka, na pale nikaona kitu ambacho hakijanitoka mpaka leo. Wanawake walikuwa wamejipanga nyuma ya gogo, kama thelathini hivi, wamelowa, wake na mama na dada wa watu waliokuwa shimoni, na hakuna hata mmoja aliyevuka. Hatua hamsini tu. Tuliwaona wanaume wakikimbia na kamba na majembe, tulisikia wakiitana, na tukasimama. Mama yangu naye alisimama, vidole vya miguu vimegusa gogo. Mimi sikuthubutu hata kulisogelea. Niliamini kabisa kwamba nimemuua Jilala.

Lililotitia lilikuwa duara la jirani. Mtu mmoja alitolewa na miguu iliyovunjika, wengine walikuwa juu, Mungu alisaidia. La akina Baba lilisimama. Waliibuka mmoja mmoja, weupe kwa vumbi lililogeuka tope, Baba, kisha Jilala, kisha kijana mmoja wa kutoka Kahama aliyeitwa Lugola, na huyu Lugola alipofika kwetu aliweka kiganja juu ya kichwa cha kaka yangu akasema kwa sauti, wanawake wote wakisikia, "Mikono ya huyu mtoto imetuweka hai. Kuta zimesukuma, fremu zikauma tu." Jilala alinitazama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na watu walidhani ni baridi.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumapili. Baba alikuwa uani ananoa shoka, mchangamfu kuliko kawaida yake, akamweleza Mama kwamba mwenye lile duara la jirani anamtaka Jilala apange matimba yake mapya, apange mwenyewe, kama fundi. Nyuma ya nyumba nilimsikia kaka yangu akitapika. Nikatoka nilipokuwa, nikasimama mbele ya Baba, na shikamoo niliyokusudia kuanza nayo ikapotea. Nikamwambia, "Baba, ni mimi niliyechonga. Zote. Jilala anaogopa shimo, atakufa kwa woga kabla udongo haujamuua." Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimeshakaza mgongo. Alilitazama lile shoka, akamtazama Mama, naye Mama hakukwepesha macho. Kisha Baba akanyanyua gogo moja, akalitupa mbele yangu, akanipa tezo. "Kata."

Nikakata. Nilijaribu kwanza kuchuchumaa pembeni kwa heshima, gogo likazunguka, nikashindwa, nikalikalia mbele ya macho yake. Kengele ya kanisa ilikuwa inalia na hakuna aliyekwenda. Nilipomaliza alipitisha kidole gumba ndani ya mdomo, akakiacha humo muda mrefu. Nilingoja ehe yangu. Badala yake akauliza ni nani mwingine anajua. Nikamwambia sisi wanne tu. "Basi ibaki hapa," akasema. "Wakijua watayang'oa yote, na kuna watu chini." Akaingia ndani kubadilisha shati.

Jilala hakushuka tena. Baba aliwaambia wenzake kwamba mtoto ana pumu, vumbi limemkatalia, atachongea nyumbani. Na kweli fremu ziliendelea kutoka nyumbani kwetu, miaka mitatu, safi kuliko za mtu yeyote ukanda ule, na zikaitwa matimba ya Jilala. Watu waliziulizia kwa jina. Jumamosi moja nilikuta tezo mpya imeegemezwa karibu na kitanda changu, mpini wake umepunguzwa ukubwa wa kiganja changu. Baba hakuwahi kuitaja, nami sikumshukuru. Tulikuwa watu wa namna hiyo.

Siku hizi watu wanapenda kuuliza swali la Shangazi kwenye simu zao, wanawekeana majibu ya kuchekesha. Mimi nimelijibu kimoyomoyo miaka yote hii kwa umakini wa mtu anayepanga safari. Ningezaliwa mvulana, ningeshuka na Baba nikiwa na miaka kumi na minne, na nisingetapika. Nikiwa na ishirini ningekuwa fundi wa kuitwa hadi Geita. Nikiwa na thelathini ningekuwa na duara langu, au kifua kibovu, au vyote viwili, au ningekuwa nimefukiwa na kusahauliwa. Sijidanganyi kwamba upande ule ni peponi. Najua tu kwamba ungekuwa wangu, na ubaya wake pia ungekuwa na jina langu. Leo nina karakana ya vitanda na milango mjini Kahama, nina mafundi watano, na wateja wapya bado huuliza mwenye karakana yuko wapi nikiwa nimesimama mbele yao na penseli sikioni. Machimboni mambo yamebadilika kiasi chake, wako wanawake wenye maduara, wako wanaoshuka wenyewe, na ziko sehemu ambazo gogo bado limelazwa.

Jilala hakuhitaji kuzaliwa upya. Alisoma uuguzi na ukunga, akapangiwa kituo cha afya upande wa Nkome, na wake za wavuvi ambao mwanzo walimkimbia sasa wanasubiri zamu yake. Namwonea fahari kuliko ninavyoweza kusema, na kuna siku namwonea wivu. Alitaka kazi ya wanawake, dunia ikamcheka kidogo kisha ikamfungulia. Nilitaka kazi ya wanaume, nikaifanya, tena nikaifanya vizuri, na hakuna mtu hai aliyejua zaidi ya watu wanne. Baba alipofariki mwaka jana tukabaki watatu.

Msibani wachimbaji wa zamani walikuja wengi, wamezeeka, wengine wanakohoa. Nilikuwa napita na sahani za wali wanaume walipokuwa wameketi, na nikamwona mzee mmoja amemshika Jilala mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa Lugola. Alikuwa anamwambia kwamba amelea watoto saba na wajukuu kwa sababu ya zile fremu, kwamba kila mvua kubwa ikinyesha humkumbuka yeye na mikono yake. Kaka yangu alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ya wodini, ya kutomshtua mtu, "Mzee, sikuchonga hata moja. Alichonga huyu," akanielekeza mimi na sahani zangu. Watu wa jirani walicheka kwa adabu, wakidhani ni maneno ya kupunguza majonzi. Lugola hakucheka. Aliniangalia usoni, akateremsha macho hadi kwenye viganja vyangu, na mtu aliyewahi kushika tezo humjua mwenzake kwa viganja.

"Mayu," akasema polepole, akiniita mama kwa Kisukuma, "tulikuwa na bahati hatukujua. Tungejua, tungezing'oa zote siku ile ile, tukafa." Akanyanyuka kwa shida, akanivulia kofia, akanipa mkono. Niliweka sahani chini nikaupokea. Halafu nikaenda jikoni nikalia kuliko nilivyomlilia baba yangu, wanawake wakanishika mabega na kuniambia nijikaze, marehemu amepumzika.